Michirizi

Baba aliacha picha kumi na moja
ndani ya kopo la biskuti,
na hakuna hata moja yenye mtu.

Mwinshehe fundi mabati, Ilala, nyuma ya soko la mkaa,
alipiga picha kazi yake tu:
kona ya paa, mchirizi, ndoano,
na kipande cha mbingu kilichobaki.
Nyuma ya kila picha, kwa penseli: futi ngapi, shilingi ngapi.
Jina la nyumba, hapana.
"Mvua ya masika haiulizi kibla," alikuwa akisema,
kisha anadai chake, na anakidai kwa sauti.

Basi nikaanza kuzitafuta nyumba za Mungu
kwa kutazama vikomo vya mapaa yake,
shingo juu kama kuku anayekunywa maji.

Ile ya vigae vyekundu haikunisumbua:
kanisa la Wajerumani, pale mbele ya bandari.
Mlinzi aliishika picha, akaigeuza, akaigeuza tena,
akanipeleka upande nisioruhusiwa kufika.
Mchirizi ni mwingine sasa, wa plastiki.
Matundu ya ndoano za baba yamezibwa kwa saruji,
manne, yamepangika kama vidole.

Kisutu, Bwana Hasmukh wa hekaluni
aliitambua ya tano kwa doa la kinyesi cha kunguru.
"Hawa hawajahama," alisema. "Na doa halijahama."

Kwa Masingasinga walinilisha kwanza,
chapati mbili na dengu, ndipo wakaniuliza shida yangu.
Ya saba. Futi arobaini. Alilipwa yote, na samli juu.

Kitumbini nikaapa kwamba kona ile ni ya mnara.
Muadhini alicheka hadi kofia ikamwanguka:
"Dada, hicho ni choo chetu cha zamani."
Hata choo, baba alikikatia bati lenye nakshi.

Ikabaki ya tisa.

Ukuta wa buluu, bati limekatwa meno meno
kama pindo la mkeka.
Nyuma: *Futi 22. Hawakulipa. Sikudai.*

Hapo ndipo usingizi uliponikimbia.
Baba, asidai?
Aliyemfuata padri hadi kwenye kiti cha kitubio
kwa shilingi mia mbili?

Miezi minne. Kurasini, Gerezani, Mtoni, narudi Gerezani.
Kuta za buluu mji huu ni nyingi kuliko waumini.

Keko, siku ya manyunyu, nikajikinga
kwenye karakana ya masofa.
Nikainua macho: meno. Yaleyale.
Maji yanapita humo kimyakimya
hadi kwenye pipa, bila tone kupotea njia.

"Hapa palikuwa na nini?"
Seremala Kyaruzi alisema kanisa la Wanyasa,
walioimba bila ngoma, sauti zikitokea tumboni.
Muuza sponji akasema, thubutu, zawia hii,
dhikiri kila usiku wa kuamkia Ijumaa.
Mama wa jirani, Bi Mwanahawa, akasema wote wawili waongo,
akaendelea kuchambua mchele wake,
ukweli wake asiutoe.

Nikatazama chini.
Kizingitini, ndara jozi sita.
Ndani, mafundi pekupeku
juu ya randa, juu ya misumari.

"Mbona mmevua?"

Kyaruzi akaitazama miguu yake
kana kwamba ameazimwa.
"Nilipoajiriwa niliwakuta wanavua."

Nikaomba penseli ya seremala, ile bapa, nyekundu,
nikaandika chini ya mwandiko wa baba,
si jina, jina sina:

*Keko. Haivuji.*